Tupeane uzoefu: uliingiaje kwenye bioinfomatiki, na sasa unatafiti nini?

Mwanzisha mada: Wakuu, habari za majukumu. Tuliomo kwenye fani hii ya kuchambua DNA na data nyingine za viumbe kwa kompyuta tumetoka kila upande: maabara, kompyuta, hesabu. Tusimulizane: ulianza na masomo gani, na swali gani limekushika?

Naanza mimi. Sekondari nilisoma PCB (fizikia, kemia, baiolojia), chuo nikachukua baiolojia ya molekuli. Maisha yakawa pipeti na kutoa DNA kwenye matone ya damu yaliyokaushwa kwenye karatasi. Sasa niko uzamili, natafiti usugu wa vimelea vya malaria. Jenomu, yaani DNA yote, ya kimelea cha malaria Plasmodium falciparum ilichapishwa 2002: herufi (A, C, G na T) kama milioni 23, kromosomu 14, jeni zaidi ya 5,000. Mimi nimeng'ang'ana na jeni moja, kelch13. Herufi moja tu ikibadilika pale, asidi amino ya 561 ya protini yake inakuwa nyingine na dawa ya artemisinini inachelewa kukiua kimelea. Badiliko hilo, R561H, liliripotiwa Rwanda 2020, baadaye likaonekana Kagera. Dawa mseto ya ALu tunayowapa watoto wetu inategemea artemisinini. Hapo sibanduki.

Wa Morogoro: Mkuu, mimi nilitokea kompyuta. Lugha ya programu ya Python haikunisumbua, ila baiolojia niliiachia kidato cha nne. Kilichonivuta ni mihogo ya bibi: shina zuri, majani yanavutia, ukiing'oa ndani imeoza, madoa ya kahawia makavu. Ndiyo ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Virusi wake wako aina mbili, jenomu zao za RNA (binamu ya DNA) zina herufi kama 9,000 tu. Nalinganisha virusi wa wilaya mbalimbali nione wanasafirije. Nzi weupe huwaeneza shamba kwa shamba. Pingili za mbegu tunazopeana ndizo zinazowavusha mikoa. Baiolojia nimefundishwa zaidi na mabwana shamba kuliko vitabu.

Wa Kilifi: Mimi ni mtu wa takwimu, uzamili nimefanya Pwani University. Kabla hujakimbilia programu kubwa, fungua faili la FASTQ, lile linalotoka kwenye mashine ya kusoma DNA, ulitazame kwa macho yako. Kila kipande cha DNA kina mistari minne: jina linaloanza na @, herufi za DNA, alama ya kujumlisha, kisha msururu wa alama za ajabuajabu. Huo wa nne ndio ulionipa nafasi kwenye fani hii, kwa sababu kila alama ni uwezekano kwamba mashine imeisoma herufi vibaya. Takwimu tupu! Wewe wa malaria, zile A na T unazimudu vipi?

Mwanzisha mada: Zinatesa kweli, kaka. Karibu asilimia 80 ya jenomu ni A na T, vipande vinafanana mno. Kinachoweza kukaa sehemu mbili za jenomu nakitupa.

Wa kidato cha sita: Shikamooni. Niko PCB, hesabu nina BAM tu (zile za msingi), na laptop ya kawaida. Naweza?

Wa Morogoro: Marahaba, mdogo wangu. Unaweza kabisa. Anza na mfumo wa Linux, kisha Python. Ingia PlasmoDB, hazina ya mtandaoni ya jenomu za vimelea vya malaria, upakue jenomu ya falciparum. Laptop yako itaibeba bila shida. Itafute kelch13, iko kromosomu ya 13. Ukiipata weka hapa namba ya jeni, tukuelekeze namna ya kuhesabu hadi 561.