Gari la kulala Mtwara na Lindi: antena ya duara, ya vijiti au dishi?

Kaka wa Minada
Habari za saa hizi wadau. Mimi na mke wangu tunauza mitumba kwa kufuata minada. Msimu wa korosho tuko Tandahimba, Newala na Masasi. Msimu wa ufuta tunahamia Nachingwea na Ruangwa. Tunalala ndani ya Coaster tuliyong'oa viti vya nyuma tukaweka kitanda na jiko. Tunataka TV ya inchi 24 kwa taarifa ya habari na mpira. Dukani Mtwara mjini nimeoneshwa antena ya duara ya kufunga juu ya paa la gari, ya vijiti kama zile za majumbani, na dishi. Muuzaji anashikilia ya duara kwa sababu haigeuzwi. Kwa mtu asiyelala sehemu moja siku tatu, kipi kinafaa?

Fundi wa Chikongola
Kaka, kweli haigeuzwi, na udhaifu wake uko hapohapo. Inapokea pande zote, kwa hiyo haina nguvu upande wowote. Kila desibeli 3 ni nguvu mara mbili, na ya vijiti huizidi ya duara kwa desibeli 6 au zaidi. Hiyo ni mara nne. Ukiegesha karibu na mnara hutaona tofauti. Ukitoka nje ya mji utaiona, maana dijitali haikupi chenga kama analojia ya zamani: picha inaganda, kisha inapotea kabisa.

Usidanganywe na busta (kikuza mawimbi) pia. Inakuza kilichofika, na kelele inazikuza vilevile. Wala usilipe zaidi kwa sababu boksi limeandikwa "antena ya dijitali". Antena za UHF, yaani za masafa ya TV, zilizokuwepo kabla analojia haijaanza kuzimwa Desemba 2012 zinafanya kazi mpaka leo.

Mama Mikindani
Mimi naitetea kidogo ya duara. Ukifika usiku na watoto wamechoka, hakuna wa kupanda juu kugeuza vijiti. Hapa Mikindani inanitosha. Msimbati ilikuwa inaganda kila dakika, nikailaumu miezi mitatu. Siku moja nikafungua kiungo cha waya pale juu: shaba imegeuka kijani, unga unadondoka, na ule waya mwembamba wa katikati ukakatika nilipougusa tu. Chumvi ya bahari. Nikakata waya, nikaweka kiungo kipya, nikapaka grisi na kuzungushia mpira wa tyubu ya baiskeli. Hali ikawa afadhali sana. Kwa hiyo kabla ya kubadili antena, angalia kiungo.

Dereva wa Kusini
Natumia dishi na sijutii, ila lina masharti yake. Setelaiti ya Azam iko longitudo ya nyuzi 7 mashariki na sisi tuko kama 40, kwa hiyo dishi linatazama magharibi, kaskazini kidogo, limeinuka karibu nyuzi 50. La DStv linatazama setelaiti ya longitudo ya nyuzi 36, karibu utosini. Sasa fikiria: sote tunaegesha chini ya mkorosho au mwembe kukwepa jua, na jani bichi linazuia setelaiti. Mvua kubwa ya Januari nayo inakata.

Usilifunge juu ya gari. Mtoto akipanda ngazi Coaster inayumba, dishi linapoteza setelaiti. Mimi naliweka chini kwenye miguu mitatu, nakandamiza mawe, navuta waya wa mita 10 hadi kwenye uwazi.

Kaka wa Minada
Asanteni. Na Newala ikoje? Tunakaa huko muda mrefu.

Mzee wa Newala
Mwanangu, huku juu uwandani antena inashika vizuri, maana hakuna cha kuikinga. Ukishuka bonde la Ruvuma uwanda wenyewe unakuwa ukuta, huko dishi linashinda. Ila kabla ya kugeuza chochote, inua macho uangalie mapaa ya jirani. Antena zao zimeelekea wapi? Vijiti vimelala au vimesimama? Fanya kama wao, dakika mbili umemaliza. Ukikuta mapaa yote ni madishi matupu, usihangaike na antena.

Halafu king'amuzi cha antena si cha dishi. StarTimes na Azam wana vyote viwili. Amua kwanza, ndipo ununue.

Fundi wa Chikongola
Shikamoo Mzee, umesema kweli. Kaka, lingine: Coaster nyingi za dizeli ni volti 24. Usivute volti 12 kwenye betri moja kati ya zile mbili, utaziua zote. Weka kipunguza umeme, 24 kwenda 12, ndipo TV na king'amuzi.

Kaka wa Minada
Shikamoo Mzee. Nachukua ya vijiti, na bomba la vipande viwili la kushikiza kwenye ngazi ya nyuma. Dishi nitaongeza korosho zikilipa. Jumamosi niko Tandahimba, nitawaambia imeshikaje.

Mama Mikindani
Kila ukinyanyua bomba, funga kitambaa chekundu kwenye usukani. Jirani yetu aliondoka alfajiri bomba likiwa juu, likanasa kwenye tawi la mwembe, likang'oa ngazi na kuvunja kioo cha nyuma.