Taa ya kioo ya Murano: nitajuaje imepulizwa kwa mdomo?

Swali: Wakuu, naangalia taa ya mezani yenye umbo la uyoga, nyeupe, mistari imejizungusha. Muuzaji anasema ni Murano (kisiwa cha Italia kinachosifika kwa vioo), miaka ya 1970. Haina sahihi. Niangalie nini? Waya wake pia umekakamaa.

Jibu: Pitisha vidole ukingoni: kilichopulizwa huwa na unene usiolingana kidogo. Mshono ulionyooka toka juu hadi chini ni dalili ya kalibu ya kiwandani. Mistari isikutishe. Kioo cha moto huingizwa kwenye kalibu yenye mifereji, kikatolewa, kikasokotwa kwa bomba la kupulizia.

Jibu: Stika si ushahidi, hubandikwa upya kirahisi. Na ukitajiwa Venini (kiwanda cha vioo cha Murano) au Carlo Nason, mbunifu wa kiwanda cha Mazzega, dai ukurasa wa katalogi. Bila huo unalipia jina tu.

Jibu: Waya ubadilishe wote, mkuu, usiunge. Unene wa 0.75 mm² unatosha. Kitako kikiwa cha chuma, tumia wa nyaya tatu, ufunge ethi (waya wa ardhini) kwenye chuma hicho. Weka pete ya silikoni kati ya chuma na kioo, nati ukaze kwa vidole tu. Vioo vingi hupasukia hapo shingoni. Balbu iwe ya LED, joto lipungue.

Muuliza swali: Mshono hakuna, ukingo una mawimbi. Asanteni.