Kabureta kwenye injini yenye supachaja: niweke jeti namba ngapi? Naombeni ushauri wakuu

DX_Nyeupe: Habari za jioni wakuu. Nina Corolla DX (KE70), injini 5K. Nimeifunga supachaja (pampu ya kusukumia hewa kwenye injini) SC12, ile ya injini ya Toyota 4A-GZE, nimeiokota Gerezani, Dar, ikiwa imejaa vumbi. Kabureta, ile inayochanganya mafuta na hewa, ni Weber 32/36. Nikiwa gia ya tatu nikakanyaga mafuta, ikifika kama mizunguko 3,500 kwa dakika injini inagonga mithili ya karanga kwenye kikaango, halafu nguvu inakata. Swali langu moja tu: jeti kubwa (kitundu cha kupitisha mafuta kwenye kabureta) nipandishe hadi namba ngapi? Fundi hapokei simu tangu Jumatatu, na mimi silali.

Kijana wa Tandika: Nimekaa paleee, wajuzi waje.

Mama Plagi: Kaka, IST yangu ilikuwa hivyohivyo. Badilisha plagi, weka mpya.

Kijana wa Tandika: IST ina kabureta?

Mama Plagi: Nimesema plagi.

Mzee wa 404: Enzi zetu hakukuwa na mambo haya. Shekhar Mehta alichukua Safari Rally mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, na Datsun, kabureta tupu. Baba alikuwa na Peugeot 404. Tukitoka Tanga kwenda Lushoto, ikianza kupanda mlima inatoa moshi mweusi, mama anafunga vioo. Tukirudi chini inatulia. Baba alikuwa na bisibisi moja ndogo kwenye mfuko wa shati, hata kanisani anaenda nayo.

Gereji Bubu: Mzee umegusa penyewe. Mleta mada, kabla ya jeti tuambie: kabureta imekaa kabla ya supachaja au baada? Pistoni ni za kiwandani? Na gari ilifungiwa wapi?

DX_Nyeupe: Kabla, supachaja inavuta kupitia kabureta. Pistoni za kiwandani, taimingi (wakati plagi inapotoa cheche) ya kawaida. Hilo la wapi sioni linahusikaje.

Gereji Bubu: Linahusika. Wapi?

DX_Nyeupe: Iringa. Kule ilikuwa inaruka kama swala. Imeanza kugonga siku naileta Dar. Nilishuka Kitonga vizuri, kufika Mikumi ndiyo nikaisikia, nikadhani nimewekewa mafuta machafu.

Gereji Bubu: Hili ndilo ungeanza nalo. Iringa iko zaidi ya mita 1,500 juu, hewa nyepesi. Jeti iliyotosha kule, huku pwani haitoshi, maana hewa nzito imeingia na mafuta hayajaongezeka kiasi chake. Injini isiyo na supachaja ingekohoa tu. Yako inatoboa pistoni.

Na kuna la pili. Hiyo Weber ina kidude cha kuongeza mafuta, kinafunguka vakyumu (nguvu ya kunyonya) ikishuka. Supachaja yako inanyonya chini ya kabureta muda wote, kwa hiyo kidude kinaona vakyumu bado ipo, kinadhani unatembea taratibu. Kimejifunga wakati silinda zinajazwa hewa kwa nguvu. Inabidi uzibe tundu lake la asili, uvute paipu kutoka kwenye manifoldi (njia ya kuingilia kwenye silinda), chini ya supachaja, ili kisome presha ya kweli. Baada ya hapo ndiyo uongelee jeti. Ukikanyaga hadi mwisho unataka hewa 12 kwa mafuta 1, siyo 14.7 ya kawaida. Taimingi irudishe nyuma, kama nyuzi moja kwa kila psi ya presha ya supachaja.

DX_Nyeupe: Nashukuru mkuu. Ila fundi alisema paipu si lazima. Na kuna puli ndogo ya supachaja nimeshalipia kwa mchongaji, inakamilika Ijumaa. Siwezi kuiacha, hela imeshatoka. Si nikipandisha jeti namba mbili juu zaidi itabalansi?

Gereji Bubu: Puli ndogo inazungusha supachaja haraka zaidi. Unaongeza presha kwenye injini ambayo tayari inagonga?

DX_Nyeupe: Nitakuwa nakanyaga kidogo kidogo.

Mchungaji Mstaafu: Vijana uzeni hivyo vyuma mnunue kiwanja. Mafuta yalivyopanda bei halafu mtu anatafuta namna ya kuyamwaga.

Jicho la Tatu: Wakuu, mimi naona chai hapa. Jamaa huyuhuyu mwezi uliopita aliomba ushauri wa bodaboda ya mkataba. Leo ana SC12? Picha iko wapi?

Kijana wa Tandika: Chai ya rangi, weka na tangawizi 😂

Jicho la Tatu: Nimpime. DX_Nyeupe, ukiwasha gari bila kuunga waya wa supachaja, nini kinatokea?

DX_Nyeupe: Bodaboda ni ya mdogo wangu. Bila waya mkanda unazungusha puli peke yake, rota zimelala, na gari haivuti hata kidogo maana njia ya hewa yote inapita humo. Ukiunga waya klachi ya sumaku inagonga "ka!" na slo (mzunguko wa injini ukiwa hujakanyaga mafuta) inashuka kidogo. Unataka nikurekodie?

Jicho la Tatu: Hiyo hata mtandaoni ipo.

Mama Plagi: Plagi umezitoa?

DX_Nyeupe: Nimezitoa sasa hivi, kwa tochi ya simu. Ya kwanza na ya nne zina rangi ya kahawia. Ya pili imekuwa nyeupe kama chaki. Ya tatu nyeupe pia, ina vitone vyeusi vinang'aa, kama mtu kaipulizia pilipili manga.

Gereji Bubu: Vitone vikiwa vinang'aa ni alumini ya pistoni. Usiwashe tena. Tafuta mtu mwenye kipima mgandamizo, anza na silinda ya tatu.

Mama Plagi: Si nilisema plagi.

DX_Nyeupe: Jumamosi nilikuwa naijaribu barabara ya Bagamoyo, kuna watu nimeshawaahidi.

Jicho la Tatu: Mkuu, kama kweli ipo, hiyo puli ndogo nauziwa shilingi ngapi?