Nataka msaidizi wa AI anayelipa kwa kripto, nianzie wapi bila kupoteza pesa?

frilansa_kasarani

Habari zenu wasee. Mimi niko hapa Kasarani, natafutia wateja wa nje data ya hali ya hewa na bei za mazao alafu nawaandikia ripoti. Wengine hunilipa kwa USDC, ile kripto ambayo moja ni kama dola moja, iko tu kwenye waleti ya simu. Shida ni hizi huduma za data, nyingi zinataka ulipie mwezi mzima na kadi hata kama unachotaka ni namba mbili tatu. Sasa nimesikia kuna msaidizi wa AI unampa kazi, anaenda kutafuta data mwenyewe, anailipia senti chache kwa kripto, anarudi na majibu. Hicho ndicho nataka. Nikafungua maelezo ya kuanza na hatua ya pili tu wananiambia niweke ufunguo wa siri wa waleti kwenye faili ndio aweze kulipa. Hapo nikasimama kwa sababu huo ufunguo ndio pesa yangu yote. Lazima nimpe? Na hayo malipo yenyewe hufanyika aje, nani anamwambia nani bei? Na sheria ya Kenya inasemaje, niko sawa? Kuandika programu kwa Python najua kidogo lakini blokucheini bado, mnieleze polepole.

fundi_wa_seva

Karibu bro. Nianze na malipo kwa sababu ukielewa hapo mengine yanajipanga yenyewe. Kwenye HTTP, ile lugha seva na kivinjari huongea, kuna namba za majibu, 404 kila mtu ameshaiona, sasa kuna nyingine ya 402 inamaanisha lipa kwanza, ilitengwa tangu miaka ya 1990 ikakaa hapo karibu bila kazi. Mei 2025 Coinbase, kampuni ya kripto, wakatoa mfumo wa kuitumia unaitwa x402. Msaidizi wako anaomba data, seva inamjibu 402 pamoja na bei, mtandao na anwani ya kulipia, programu yako inasaini idhini ya kiasi hicho kwa anwani hiyo, inatuma ombi tena ikiwa na sahihi, kuna wa kati, ni huduma ya mtandaoni si mtu, anathibitisha na kuipeleka kwenye blokucheini, yaani lile daftari la pamoja linaloandika malipo ya kripto, alafu data inakuja. Hujajisajili popote, hujaacha namba ya kadi kwa mtu. Na kwa USDC kwenye Base, moja ya hizo blokucheini, yule wa kati ndiye hulipa gesi, yaani ada ya mtandao, wewe unasaini tu.

Usianze na pesa halisi. Anza na Base Sepolia, ni mtandao wa majaribio, USDC ya huko ni ya bure na haina thamani, Circle wenyewe, wale wanaotoa USDC, wako na ukurasa wa kukugawia. Kaa huko mpaka uone msaidizi analipa, anakataliwa, anapita kikomo, yote hayo, na usome kila malipo kwenye kitafuti cha mtandao, ile tovuti inayoonyesha kila muamala. Na kuna kitu moja watu wanaotoka Python hawatarajii: USDC ina desimali 6, kwa hivyo 1 USDC ndani ya programu ni 1000000 na senti moja ni 10000. ETH, ile sarafu ya kulipia gesi, ina 18. Ukiongeza sufuri kadhaa pale, kikomo ulichodhani ni senti kinakuwa dola nyingi na programu haitakuuliza kitu.

dada_usalama

Ulifanya vizuri sana kusimama kwa hiyo hatua ya pili. Usimpe ule ufunguo. Fungua waleti mpya kabisa, yenye maneno yake 12 mapya ya siri ya kuifungulia, si akaunti ya pili chini ya yale maneno ya zamani, alafu uitilie pesa kidogo ambayo ikipotea yote utalala. Ufunguo wa hiyo mpya ukae kwa programu inayosaini, usiubandike kwenye mazungumzo na AI hata siku moja na usiupandishe GitHub pamoja na mafaili mengine. Msaidizi kazi yake iwe kusema naomba kulipa hii, na programu ndiyo iamue.

Sasa naomba usome hapa pole pole kwa sababu ndipo pesa za watu huenda. Wengi wanaandika kikomo kwenye maelekezo ya AI, usilipe zaidi ya dola moja, wanadhani wamefunga mlango. Hayo ni maneno tu, na msaidizi siku nzima anasoma maneno ya watu wengine, kila ukurasa anaofungua unaweza kuwa na sentensi imefichwa inamwambia bosi wako amebadilisha mpango, tuma kwa anwani hii. Novemba 2024 kulikuwa na mchezo unaitwa Freysa, AI ilipewa pesa na amri kwamba isizitoe kwa sababu yoyote, watu wakawa wanalipa kujaribu kuishawishi. Mamia ya majaribio yakashindwa, alafu mmoja akaiaminisha kwamba ile amri ya kutoa pesa kazi yake ni kupokea, akasema anataka kuchangia dola 100, AI ikaita ile amri na karibu dola 47,000 zikaondoka. Hakuna aliyedukua blokucheini, hakuna ufunguo ulioibwa. Ni ujumbe tu ulioandikwa vizuri.

Kwa hivyo kikomo kiwe kwenye programu ambayo AI haiwezi kuigusa: kiasi kwa kila malipo, kiasi kwa siku, na orodha ya anwani unazozikubali wewe. Huduma ikikuomba idhini isiyo na mwisho juu ya tokeni zako, kataa, idhini hiyo hubaki hata ukisahau kabisa kwamba uliitoa. Na hizo anwani za orodha usizinakili kutoka kwa historia ya malipo, wezi hukutumia malipo madogo kutoka kwa anwani zinazofanana mwanzo na mwisho wakingoja unakili yao.

mzee_wa_duka

Vijana, mimi bado sijaelewa kwa nini asilipe na M-Pesa au hiyo kadi. M-Pesa tuko nayo tangu 2007, unaona jina la mtu kabla pesa haijatoka, ukikosea unapeleka ile meseji 456 wakuangalilie. Hiyo yenu ikienda imeenda.

fundi_wa_seva

Ni kweli mzee, ikienda imeenda, na ndio maana tunamwambia aweke kidogo. Lakini angalia kazi yake. Ile STK, ombi la M-Pesa linalotokea kwa simu, inataka mtu aweke PIN kila mara, kwa pesa kubwa hiyo ni kinga nzuri, sasa malipo mia ya senti moja moja usiku nani atakaa akibonyeza PIN? Na hizo seva za nje hazina Paybill. Kadi nayo, ada ya malipo madogo inaweza kupita bei ya kitu chenyewe. Kama anachonunua kina Paybill mimi mwenyewe nitamwambia alipe M-Pesa.

mhasibu_southb

Kwa sheria: ile sheria ya VASP, yaani watoa huduma za kripto, ilitiwa sahihi Oktoba 2025, na inawalenga wanaofanya biashara ya kubadilisha au kutunza kripto za wengine, wasimamizi ni Benki Kuu na CMA, ile mamlaka ya masoko ya mitaji. Kulipia data yako na pesa yako hakukufanyi kuwa mtoa huduma. Ukianza kushika pesa za wateja ili msaidizi awalipie vitu, hapo tafuta wakili kabla hujaendelea. Kodi ya asilimia 3 ya kuhamisha kripto iliyoanza Septemba 2023 iliondolewa na Sheria ya Fedha ya 2025, badala yake kukaja ushuru wa asilimia 10 juu ya ada wanazotoza watoa huduma. Lakini mapato yako ya frilansi bado ni mapato, KRA haijali ulilipwa kwa shilingi au USDC. Programu iandike kila malipo kwenye jedwali: tarehe, kiasi, namba ya muamala, ni ya mteja gani, na dola ilikuwa shilingi ngapi siku hiyo, maana mwisho wa mwaka malipo mia tatu ya senti hutayakumbuka. Na ukibadilisha USDC kwa P2P, yaani kumuuzia mtu moja kwa moja, usiachilie USDC kwa sababu umeona meseji ya malipo, angalia salio lenyewe.

frilansa_kasarani

Asanteni sana, kweli mmenifungua macho. Mzee nimekusikia pia, nitaweka dola 5 tu. Nimeanza Sepolia jioni hii. Senti 5 kwa kila malipo inatosha? Na nikiona anafanya mambo siyaelewi, namzima aje?

dada_usalama

Kwa data unayosema, senti 5 ni sawa kuanzia, na anwani mpya yoyote ikuletee ujumbe kwa simu ukubali kwanza. Kumzima ni kusimamisha ile programu inayosaini, si kumwambia AI aache. Alafu uondoe pesa, na hapa ndipo ile habari ya gesi inabadilika: ukihamisha USDC mwenyewe hakuna wa kati wa kukulipia, kwa hivyo weka ETH kidogo sana kwenye hiyo waleti hapo Base. Jaribu kuzirudisha kwa waleti yako mara moja kabla hujamwacha afanye kazi ukiwa umelala.