Mkopo wa chuo kwa aliyelelewa na mama tu, naombeni ushauri wakuu

Tabu Zangu: Habari za humu wakuu. Nimemaliza kidato cha sita, matokeo sio mabaya, nataka kuomba mkopo HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi. Nimelelewa na mama peke yake, ana genge la nyanya na yupo kwenye mpango wa TASAF wa kaya maskini. Je nikijaza yatima wa baba napata asilimia mia? Nijibuni haraka maana dirisha linakaribia kufungwa na usingizi sina.

Fundi Saa: Asilimia mia hakuna wa kukuhakikishia. Yatima wana kipaumbele, kaya za TASAF pia, jaza namba ya kaya ya mama. Cheti cha kifo kihakikiwe mapema RITA, wale wa vyeti vya vizazi na vifo, hapo ndo wengi wanakwama.

Jongoo Mweusi: Usikurupukie mkopo dogo. Sisi boom, ile hela ya kujikimu, likitoka tunanunua sabufa, leo nakatwa 15% ya mshahara wa msingi, zamani ilikuwa 8 tu. Afadhali Rais Samia 2021 alifuta ile 6% ya kulinda thamani ya mkopo iliyokuwa inaongezwa kwenye deni maana unalipa halafu deni linakuangalia tu.

Fundi Saa: @Tabu Zangu, cheti cha kifo unacho?

Tabu Zangu: Kinashughulikiwa.

Fundi Saa: Kinashughulikiwaje? Mzee alifariki lini?

Tabu Zangu: Msinihukumu jamani. Baba yupo, ana familia nyingine, tangu nizaliwe hajanunua hata daftari, kwangu mimi alishakufa. Kuna jamaa wa steshenari ananitengenezea, advansi nimeshampa, na mtendaji wa mtaa kashagonga muhuri kwenye fomu. Sasa baba asiyejulikana alipo na marehemu wana tofauti gani?

Bibi Kiroboto: Mwanangu, kumzika mzazi anayepumua ni kujitafutia laana. Mtafute umsamehe.

Mla Mihogo: Siku ya mahafali mzee atokee na shada la maua, ukumbi mzima mbio 😂😂

Fundi Saa: Dogo sikiliza. RITA wanaangalia kwenye kumbukumbu zao, hicho cha steshenari hakimo. Hapo sio kukosa mkopo tu, ni kughushi, kesi ya jinai hiyo, na kwa kamishna wa viapo utakuwa umeapa uongo. Advansi isahau. Namba ya TASAF unayo na ni ya kweli, sasa unamuulia nini baba wa watu?

Tabu Zangu: Mkuu we hujalala njaa ndo maana unaongea hivyo. Mbona wengine wamefanya wakapata.

Mla Mihogo: Subirini kwanza. Nimepekua nyuzi zake, juzi juzi huyu huyu kaja kuulizia mirathi, kiwanja alichoachiwa na "marehemu baba". Wakuu hii ni chai, tena ya rangi.

Tabu Zangu: Ile aliandika kaka, akaunti tunatumia wote.

Jongoo Mweusi: Kaka wa baba yupi, huyu mzima au yule marehemu?

Bibi Kiroboto: Na mimi nilishaanza kumuombea 🙄

Pilipili Kichaa: Tuacheni utani, hicho kiwanja kina hati? Mimi mteja siriasi, njoo PM.