Baiolojia ya seli na jenetiki kwa profesa huyu: waliosoma kwake mnasemaje?

Kutoka: mwanafunzi wa mwaka wa kwanza

Habari zenu ndugu zangu, na shikamooni wakubwa.

Naomba ushauri kabla usajili wa masomo haujafungwa Ijumaa. Natakiwa kusoma baiolojia ya seli na jenetiki, na muhula huu anayefundisha ni profesa mmoja tu. Muhula ujao atakuwepo mwingine. Jana usiku nimesoma maoni yote ya wanafunzi juu yake mpaka nikachanganyikiwa. Mmoja anasema hajawahi kupata mwalimu kama huyu maishani. Anayefuata anasema kimbieni mkiweza. Lalamiko linalojirudia kuliko yote ni hili: "mtihani wake hauhusiani na alichofundisha." Wengine wanasema haweki slaidi zake mapema, na kwamba darasani anamtaja mtu kwa jina na kumtaka ajibu.

Sekondari nilifaulu baiolojia vizuri sana, ila kusema kweli nilikuwa nameza. Hapa lugha ya kufundishia bado inanisumbua, hasa mtu akiongea haraka. Na ufadhili wangu una sharti la wastani wa alama. Nisome naye sasa au nisubiri?

Kutoka: dada wa mwaka wa nne

Marahaba mdogo wangu.

Mimi nimesoma kwake masomo mawili, hilo unaloliuliza na lile la mageuzi. La kwanza nilipata alama ya wastani, la pili nilipata ya juu kabisa, na mwalimu ni yuleyule. Kilichobadilika ni namna nilivyosoma, kwa hiyo acha nikueleze kwa kirefu kidogo.

Hilo lalamiko la mtihani usilipuuze, maana ndilo linalokwambia mengi kuliko nyota zote alizopewa. Nikupe mfano nilioupata mwenyewe. Katika mada ya DNA, ile molekuli ya nyuzi mbili inayobeba urithi, anafundisha jaribio la Meselson na Stahl la mwaka 1958 juu ya namna inavyojinakili, tena anachora ubaoni kwa mkono. Bakteria wanakuzwa kwenye nitrojeni nzito, ile ya 15, mpaka DNA yao yote inakuwa nzito. Kisha wanahamishiwa kwenye nitrojeni ya kawaida. Baada ya kizazi kimoja, DNA ikizungushwa kwa kasi kwenye mashine inajipanga mstari mmoja tu, wenye uzito wa katikati. Baada ya vizazi viwili inatoa mistari miwili, nusu ya katikati na nusu nyepesi. Maana yake kila uzi wa zamani unabaki na kutengenezewa mwenzake mpya. Sote tuliandika, tukatikisa vichwa kwamba tumeelewa, tukaondoka.

Mtihani ulipokuja hakuuliza kilichotokea kwenye jaribio. Aliuliza hivi: baada ya vizazi vitatu, ni sehemu gani ya DNA itakuwa kwenye mstari wa katikati? Na kama DNA ingejinakili kwa kuiacha ile ya zamani nzima na kutengeneza nyingine mpya kabisa pembeni, baada ya kizazi kimoja mngeona nini?

Mimi nilikuwa nimelimeza jaribio lote, mwaka na majina, na kalamu ikaniganda mkononi. Nilipotoka nje niliwakuta wenzangu wanasema maneno yaleyale uliyoyasoma, kwamba hakufundisha hayo. Lakini alifundisha. Chukua molekuli moja nzito, ina nyuzi mbili. Baada ya vizazi vitatu zimekuwa molekuli nane, na zile nyuzi mbili za zamani bado zipo, kila moja kwenye molekuli yake. Mbili kati ya nane ni robo. Swali la pili jibu lake ni mistari miwili, mmoja mzito na mmoja mwepesi, na katikati hakuna kitu. Ndiyo maana ule mstari wa katikati pekee ulitosha kulikataa wazo hilo. Kila kitu kilikuwa ubaoni, sisi hatukuwa tumekigusa kwa mikono yetu.

Baada ya hapo niliacha kurudia kusoma madesa mara kumi kumi. Nikawa nafunga daftari, nachukua karatasi tupu, nachora jaribio lote kwa kichwa, halafu nafungua kuona nilipokosea. Kisha najiuliza: ningebadilisha kitu kimoja, ingekuwaje? Mwanzoni inaumiza, unahisi hujui chochote. Yapo matokeo ya utafiti wa Roediger na Karpicke wa mwaka 2006 yanayoeleza jambo hilihili. Wanafunzi waliosoma matini mara mbili walikumbuka zaidi baada ya dakika tano, lakini baada ya wiki moja waliokumbuka zaidi ni wale waliosoma mara moja kisha wakajipima. Ukipiga msuli usiku wa kuamkia mtihani utahisi umeiva, na kwa mtihani wa profesa huyu hisia hiyo itakudanganya.

Kuhusu kuitwa jina darasani, ni kweli anaita. Hamkejeli mtu. Ukisema "sijui" anakuuliza, "unajua mpaka wapi?" na mnaanzia hapo. Mimi nilikuwa naogopa lafudhi yangu, naye hakuwahi kunikatiza hata mara moja.

Kutoka: kaka aliyeacha somo

Dada amesema vizuri, lakini naomba na upande wangu usikike, maana si kila anayelalamika ni mvivu.

Mimi niliacha somo lake wiki ya sita. Profesa huyu anaongea haraka, anaufuta ubao kabla hujamaliza, na wakati wangu mihadhara haikuwa inarekodiwa. Kwa mtu ambaye lugha amezaliwa nayo hilo ni usumbufu tu. Kwangu lilikuwa na maana kwamba nikipotewa na neno moja, nikilitafuta kichwani, yeye ameshapita sentensi nne. Nilikuwa natoka darasani na kurasa zilizojaa nusu nusu. Waliompa nyota moja kwa sababu hiyo walikuwa wanasema kweli, na sikuwasikiliza.

Kosa langu kubwa lilikuwa jingine. Niliacha somo bila kuuliza kwanza ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Krediti zangu zikashuka chini ya kiwango cha mwanafunzi wa muda wote, na kibali changu cha kusoma kilikuwa kinakitegemea kiwango hicho. Nilikaa wiki mbili sipati usingizi mpaka nikapatiwa somo jingine la nusu muhula la kuziba pengo. Mdogo wangu, kabla hujabofya kitufe cha kuacha somo lolote, nenda kaulize watu wawili: wa ofisi hiyo na wa ufadhili wako. Uliza tarehe ya mwisho ya kuacha bila somo kuonekana kwenye hati ya matokeo, na tarehe ya mwisho ya kuacha hata likionekana. Ni tarehe mbili tofauti na wengi wanazichanganya.

Nililirudia somo hilo muhula uliofuata kwa profesa mwingine, mpole, slaidi zote mapema. Nilifaulu. Lakini nilipoingia biokemia niliona wazi kwamba waliopita kwa yule wa kwanza walikuwa wanasoma grafu ya kimeng'enya kama wanasoma gazeti, na mimi nilikuwa bado natafuta mhimili upi ni upi. Naliandika hili kwa sababu ni kweli, ingawa bado nasema anaongea haraka mno.

Kutoka: mama, msaidizi wa ufundishaji

Habari wanangu. Mimi husahihisha mitihani ya masomo ya aina hii katika chuo kingine, na maoni ya wanafunzi huwa nayaona kila mwisho wa muhula. Nina mawili ya kuongeza.

La kwanza, maoni hayampimi mwalimu peke yake. Mwaka 2015 MacNell na wenzake walichapisha utafiti wao juu ya somo lililofundishwa mtandaoni, ambapo walimu walijulikana kwa wanafunzi kwa jina la kike kwa kundi moja na la kiume kwa kundi jingine. Aliyedhaniwa kuwa mwanamume alipewa alama za juu, hata kwenye jambo kama kurudisha kazi kwa wakati, ambalo lilikuwa sawa kwa wote. Kundi lilikuwa dogo, lakini nimeyaona mambo hayo kwa macho yangu. Kwa hiyo mkikuta maoni yanayosema "haeleweki anapoongea" kuhusu mwalimu mwenye lafudhi ya kigeni, mjiulize mara mbili. Sisi tunaohangaika na lafudhi zetu tunajua jambo hilo linavyouma.

La pili, kujifunza kwingi hakuji na raha ya kujifunza. Deslauriers na wenzake, Harvard, mwaka 2019, waliwagawa wanafunzi wa fizikia: wengine wakasikiliza mhadhara uliopangwa vizuri, wengine wakahangaika na maswali wenyewe kwa makundi. Waliohangaika walifanya vizuri zaidi kwenye jaribio, lakini wao ndio waliosema wamejifunza kidogo. Mwalimu anayewahangaisha wanafunzi atapata nyota chache hata akiwa anawasaidia. Lakini kaka hapo juu yuko sahihi, kuufuta ubao kabla watu hawajaandika hakumsaidii mtu yeyote. Hilo ni la kumwendea na kumwomba. Nenda saa zake za kuonana na wanafunzi wiki ya kwanza kabisa, wakati hakuna foleni. Mwambie: "Lugha hii si ya kwanza kwangu, naomba ruhusa ya kurekodi sauti." Walimu wengi hukubali. Usiende mara ya kwanza baada ya kufeli, wakati huo mazungumzo yote yanakuwa ya alama.

Na soma maneno ya swali la mtihani kwa makini. "Eleza", "linganisha" na "thibitisha" ni kazi tatu tofauti. Nimekata alama nyingi kwa wanafunzi wetu walioandika kurasa mbili nzuri za kueleza mitosisi na meiosisi, zile aina mbili za seli kugawanyika, moja baada ya nyingine, wakati swali lilitaka walinganishe. Nilijua wanajua. Sikuwa na mahali pa kuwapa alama.

Kutoka: dada wa mwaka wa nne

Mama ahsante kwa hilo la maneno ya swali, lingeniokoa mwaka wa kwanza.

Nilisahau kuhusu maabara, na ni asilimia kubwa ya alama zake. Mdogo wangu, jifunze mapema kutumia pipeti, kile kifaa cha kuvuta na kupima kimiminika kidogo. Kitufe chake kina vituo viwili. Unabonyeza mpaka kituo cha kwanza ukiwa bado nje ya kimiminika, unazamisha ncha, unaachia polepole, kisha unapotoa ndipo unabonyeza mpaka kituo cha pili. Ukivuta kutoka kituo cha pili unapata ujazo uliozidi, na rangi ya kimiminika haikwambii chochote. Jaribio letu la kimeng'enya liliharibika hivyo wiki mbili mfululizo, na tulikuwa tunalaumu kemikali. Unaweza kujizoeza kwa maji na mizani: mikrolita 100 za maji zinatakiwa zisome karibu gramu 0.1. Tulivyofanya hivyo tuligundua kosa ndani ya dakika tano.

Ripoti yake usibadilishe namba ili zipendeze. Tulipata matokeo mabaya, tukaandika kwa nini ni mabaya, akatupa alama karibu zote. Kundi la jirani lilikuwa na mstari ulionyooka mno, akawaita.

Kutoka: mwanafunzi wa mwaka wa kwanza

Nawashukuru sana, dada, kaka na mama. Nimewasoma mara mbili.

Leo asubuhi nimeenda ofisi ya wanafunzi wa kigeni kama kaka alivyosema. Wamenipa tarehe zote mbili, nimeziandika ukutani juu ya meza. Mtu wa ufadhili amenijibu kwamba wastani unahesabiwa kwa mwaka mzima, si kwa muhula mmoja, jambo ambalo sikulijua na limenipunguzia hofu.

Nimejiandikisha kwake. Pia nimemwandikia kuomba kurekodi, amejibu kwa mstari mmoja: anaruhusu, na nikae safu za mbele. Usiku huu nimejaribu lile swali la vizazi vitatu kwenye karatasi tupu bila kurudi kuangalia. Nilipata robo. Nikaendelea na vizazi vinne, nikapata mbili kati ya kumi na sita, yaani moja ya nane. Dada, nitakuwa sawa?

Kutoka: dada wa mwaka wa nne

Upo sawa kabisa. Sasa chora zile nyuzi, uone ni zipi.