Mrejesho: saa 19 za Maskati

Wakuu, nimefika salama. Niliuliza kama nilale uwanja wa ndege wa Maskati nikisubiri ndege ya London au nitoke niende mjini. Mlionishauri nitoke, Mungu awabariki.

Nilipata chumba Matrah, karibu na bahari. Nililala mpaka alasiri, na sijutii, maana soko lenyewe hufungwa mchana wa jua kali. Jioni nikaingia sokoni: ubani unafuka kila kona, na mzee mmoja muuza halua, aliponisikia naongea na mama kwa simu, akaniuliza, "Umetoka bara au Unguja?" Kiswahili chake safi kuliko changu! Akanikaribisha kahawa chungu yenye iliki. Vikombe vitatu, cha nne nikakitikisa, kama mlivyonifundisha, akaelewa nimetosheka.

Asubuhi Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos. Zulia lake lina mita 70 kwa 60. Wasio Waislamu huingia saa 2 hadi saa 5, isipokuwa Ijumaa.

Teksi ndiyo ilinila. Patana bei kabla hujapanda.